Boneti Yenye Makufuli Mawili

Gari lilizima kwenye mzunguko wa barabara, saa sita na dakika kumi mchana, na mshukiwa mkuu alikuwa amekaa ndani yake.

"Umeona?" Kufuli alimwambia mshukiwa. "Palepale, saa ileile. Halafu mnaniambia hakuna mtu anayelichezea."

Mshukiwa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta za magari. Alikuwa amepakata laptopu, na waya wake umezama chini ya dashibodi. Hakuinua hata jicho.

"Sikulipangia saa ya kufa, shemeji," alisema. "Kama ulivyomwambia dada."

Kufuli alikohoa. Mkewe, kwa roho safi kabisa, alikuwa amefikisha maneno yote, na bila shaka aliigiza na sauti.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini mtaa mzima ulimwita Kufuli, naye alilitolea jasho. Choo chake kilikuwa na kufuli. Banda la kuku lilikuwa na kufuli, ingawa kuku wa mwisho aliliwa miaka minne iliyopita. Tangi la mafuta lilikuwa na kufuli, na juu ya kufuli alama ya chaki, ili ajue kama kuna aliyeligusa. Boneti ilikuwa na mawili. Funguo zote alizitunga kwenye waya wa kijani akauvaa shingoni, kwa hiyo alisikika kabla hajaonekana.

Kwa wiki tatu gari lilikuwa na tabia moja. Asubuhi linakwenda kama limetumwa. Jua likipanda, likisimama kidogo tu, linatetemeka, linazima. Kufuli alifungua uchunguzi rasmi. Mshukiwa wa kwanza alikuwa mlinzi wa kiwanda cha barafu alikopakia mzigo kila siku, kwa kosa la kutabasamu. Wa pili alikuwa jirani, kwa kosa la kununua mpira mrefu wa maji bila kuwa na bustani. Wa tatu ndiye huyu, aliyeng'oa kompyuta ya gari iliyokufa na kufunga nyingine, isiyo ya kiwandani, inayopangwa kwa namba kama mtu anavyopanga maneno ya uongo.

Nyuma, chini ya turubai na pumba za mbao, mapande ishirini ya barafu yalikuwa yakidondosha maji juu ya lami. Mama wa samaki pale sokoni ndiye aliyekuwa mteja wake pekee aliyebaki, na jana alikuwa amemwonya kwa neno moja: kesho.

"Kompyuta inasema hewa inayoingia kwenye injini ina joto la nyuzi themanini na nne," fundi alisema.

"Inasingizia."

"Ndivyo inavyoambiwa na sensa, kile kipima joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo kompyuta inapunguza mafuta. Inapunguza mpaka injini inabaki na njaa. Ukiwa kwenye mwendo inavumilia, ukisimama inazirai." Akabofya namba moja baada ya nyingine. "Ngoja niiambie isipunguze sana. Haya, piga stata."

Injini ilikohoa, ikawaka. Kufuli alimtazama fundi kwa pembe ya jicho. Mtu anayeweza kuliamsha gari kwa vidole anaweza pia kulilaza.

Gari lilitembea kidogo, kisha fundi akakunja uso. "Ajabu. Upepo unaingia, namba ilitakiwa ishuke. Inapanda. Na sensa niliiweka mbele kabisa, kwenye bomba la hewa. Shemeji, tukifika unifungulie boneti."

Kufuli alizibana funguo kifuani kwa mkono mmoja, zisilie.

Wiki tatu zilizopita aliiona ile sensa imekaa mbele, mpya, inang'aa, kama inamwita mwizi kwa jina. Akaichomoa kwa mikono yake, tundu akaliziba kwa mpira, na sensa akaifunga nyuma ya injini, ubavuni mwa bomba la moshi, mahali ambapo mwizi angeacha ngozi. Hakumwambia mtu. Siku ile alilala usingizi wa haki.

Sokoni, mama wa samaki alikuwa amejishika kiuno. "Leo umeniletea nini, barafu au mvua?"

"Barafu, mama."

Aligonga pande moja kwa kifundo cha kidole. "Imekonda. Lakini barafu ni barafu. Kesho ikija hivi, nampa kazi yule wa lori jipya."

Wapagazi walipoanza kushusha, fundi alisimama mbele ya gari. "Nilichofanya ni kulipatia mkongojo tu. Kesho jua likizidi, gari litazima tena. Fungua."

"Funguo zimeshika kutu."

"Zinang'aa, shemeji."

Alifungua la kwanza. Alifungua la pili polepole, kama anayefungua barua ya mahakama.

Fundi aliinama, akaufuata waya wa sensa kwa kidole mpaka nyuma ya injini. "Nani kaihamisha?"

"Wezi."

"Wakaihamisha, wakaiacha?"

"Wezi wa siku hizi wana mipango."

Fundi aliutazama waya wa kijani uliofunga sensa. Akautazama waya wa kijani ulioning'inia shingoni mwa shemeji yake. Kisha akampa spana.

Kufuli aliirudisha sensa mwenyewe, akinyonya vidole vilivyoungua. Fundi naye akarudisha namba zake za mwanzo, akachomoa waya.

"Ukikutana na huyo mwizi," alisema akifunga laptopu, "mwambie dada yangu anamsalimu."

"Nitamwambia."

Boneti ilishuka. Kufuli alibana kufuli moja. Injini ilinguruma taratibu chini ya jua kali, dakika tano, dakika kumi, bila kutetemeka. Kwenye matundu ya grili, ule wavu wa mbele, sensa iling'aa mbele ya macho ya kila mtu. Mpita njia mmoja alipunguza mwendo, akaitazama pua ya gari, akatabasamu.

Kufuli alimfuata kwa macho mpaka alipopotea sokoni. Kufuli la pili lilikuwa bado kiganjani, wazi, linachoma.