Jani la Isale
Hapa Njoro kazi yangu ni kutazama picha zilizopigwa kutoka angani na kumwekea alama nyekundu kila aliyebeba bunduki, ili droni za vita zijifunze kulenga zenyewe. Nisijifanye sikujua. Kazi ni kazi, nilijiambia.

Jumamosi nilipanda kwetu mlimani. Nikiwa barabara ya juu, niliona chini kwenye migomba mtu mwenye bunduki begani. Kumbe ni mama yangu, amebeba mti wa kuegemezea mgomba.

Wangapi nimewatia alama namna hiyo?

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hawezi kukunyima msamaha. Nimelikata. Linaninyaukia mkononi, maana picha zile hazikuandikwa hata jina la nchi.