Moyo wa Bwana Kimya

Mkurugenzi wetu tulimwita Bwana Kimya, tena akishatupa kisogo, maana hakuna aliyetaka kumwaga unga wake. Siku wageni wakubwa walipotembelea chumba cha upasuaji, mashine ya mapigo ya moyo ilikuwa ikilia ti, ti, ti kama kawaida yake. Walipoondoka tu akaamuru izimwe sauti. Eti inawafanya wageni wadhani humu ndani kuna wagonjwa.

Mimi ni daktari wa usingizi. Ninapomwingiza mgonjwa mpira wa kupumulia, macho yangu yako kooni mwake, si kwenye kioo cha mashine. Dawa zetu huweza kuupunguza mwendo wa moyo, na kulichokonoa koo kunaweza kuuzidishia uvivu hadi usimame. Masikio ndiyo yaliyokuwa yakinionya. Basi muuguzi wangu akawa anatazama kioo na kulia kwa mdomo: ti, ti, ti. Tukawa na mashine inayolipwa mshahara.

Kisha Bwana Kimya akapata kidole tumbo, akaletwa mezani kwetu. Muuguzi akaanza kulia ti, ti, ti.

"Dada, unafanya nini?"

"Ni moyo wako huo, mheshimiwa."

"Nyamaza. Amri ni kwa wote."

Hasira zikanipanda. "Mzee, nisiposikia, nitajuaje moyo ukizembea?"

"Daktari, fanya kazi yako."

Nikamlaza. Muuguzi akafumba mdomo. Nikafungua koo, nikaanza kusukuma mpira, na kimya kilikuwa kama alivyokipenda mwenyewe. Muuguzi alijikaza, kisha amri ikamshinda.

"Ti," akasema.

Nikasubiri ya pili. Haikuja.

Nikachomoa kila kitu kooni, nikasukuma dawa ya kuuamsha moyo mshipani. Niliogopa sana, kwani bosi au si bosi, ni mtoto wa mtu.

"Ti," akasema muuguzi, machozi yakimlengalenga. "Ti. Ti, ti."

Alipozinduka nilimweleza yote bila kumpaka mafuta. Alinishika mkono, akalia kama mtoto. Hata kabla hajatoka wodini akatoa amri mpya: sauti iwashwe mara moja, kwa wagonjwa wa ngazi ya mkurugenzi na kuendelea.

Aliyefuata mezani alikuwa mfagizi wetu, mama wa watoto wadogo. Muuguzi akanywa maji kidogo, akasafisha koo, akaanza.