Viatu Visivyo na Soli

Nunzio Scuderi alijiponza mwenyewe kwa kuweka nadhiri kwa sauti. Angeisemea moyoni, nani angejua? Lakini siku ile mdogo wake Cirino alikuwa hoi hospitalini, macho yamegeuka manjano, homa ya panya wa kwenye miwa imemshika ini na figo, na daktari ameshasema padri aitwe. Nunzio akapiga magoti katikati ya wodi, mbele ya mkewe Agatina, wauguzi na genge zima la wakata miwa waliokuja na masizi yao usoni, akalia kama mtoto.

"Kosma na Damiano, niachieni mdogo wangu! Mkiniachia, sikukuu yenu nitawabeba pekupeku, toka kanisani mpaka langoni kwa kiwanda cha sukari!"

Cirino akapona. Watu wa Kinalla, mji wa miwa huko Australia walikohamia Waitaliano wengi, wakasema watakatifu wamesikia. Nao si ndugu wawili, tena waganga? Wanajua uchungu wa ndugu.

Alipotoka hospitalini, suruali inamvuka kiunoni, Cirino hakuwa na hadithi nyingine. Kwa kinyozi ni hiyo, kilabuni ni hiyo. "Kaka yangu atatembea pekupeku kwa ajili yangu," alimwambia Turi, mwoka mikate. "Wewe kaka yako alikufanyia nini? Alikuuzia baiskeli haina breki!" Turi akacheka, lakini alimwonea wivu, na Cirino alijua.

Nunzio naye alikuwa anasikia, na kila akisikia anabadili njia. Maana katikati ya hapo palitokea jambo. Bwana Haddrick, meneja wa benki, alimshika bega barabarani, watu wakiona, akamwambia wamemkubali kwenye klabu ya mipira ya kuviringisha, ile ya Waaustralia wanaocheza wamevaa nyeupe tupu. Mwitaliano wa kwanza. Yeye aliyeshuka melini na panga na shati moja! Enzi hizo yeye na wenzake walikuwa wakiitwa majina ambayo mimi sitayarudia hapa, na likipita genge la wakata miwa mjini bila viatu, wanawake wa Kiaustralia walikuwa wakiwavuta watoto wao kando. Hayo Nunzio hakuyasahau. Alinunua shamba, alinunua trekta, akanunua viatu vyeusi vya ngozi, na tangu hapo hata uani kwake hakuonekana pekupeku.

Na baraza la klabu liko wapi? Barabara kuu, hapohapo maandamano yanapopita.

Jumamosi, kesho yake ndiyo sikukuu, Agatina alimkuta kwenye banda la trekta, ameketi juu ya gunia la mbolea, kiatu katikati ya magoti, anakikata soli kwa kisu cha kuchunia nguruwe. Kingine kilikuwa tayari. Ukikitazama juu, kiatu safi, kinang'aa, kamba zake zimefungwa. Ukikigeuza, unaona mchana.

"Mungu wangu! Umerogwa?" Agatina akashika kiuno. "Viatu vizima hivyo!"

"Punguza sauti. Nadhiri ni nini? Ni nyayo zangu ziguse ardhi. Si zitagusa?"

"Na juu?"

"Juu ni kwa ajili ya watu."

"Watu gani? Sisi wote tunajua utatembea pekupeku. Padri anajua. Mbwa wa padri anajua. Unamficha nani?"

Nunzio alipuliza vumbi la ngozi kwenye kisu.

"Aa, nimeelewa," Agatina akasema. "Ni wale wazee wa nguo nyeupe. Nunzio, unamvalia Haddrick viatu na watakatifu unawapa shimo? Mshika mawili moja humponyoka, mume wangu. Na Cirino je?"

"Cirino hatajua. Nani atainama kunitazama unyayo?"

Agatina alitoka bandani. Angeweza kumwambia shemeji yake. Hakumwambia, kwa sababu na yeye aliona aibu. Mke akimwona mumewe ni mdogo kiasi hicho, ataanzia wapi kumsimulia mtu?

Jumapili kulikuwa na jua kali. Jirani mmoja alikuwa amechoma shamba lake jana jioni, na majivu ya miwa yalikuwa bado yanadondoka juu ya mashuka meupe yaliyotandazwa madirishani kwa heshima ya sikukuu. Watakatifu wawili, yaani sanamu zao, walikuwa juu ya ubao wao wenye mipini minne, wamevishwa maua, na Nunzio alishika mpini wa mbele kulia. Bendi ikapiga. Kina mama wakaimba kwa lugha ya kwao. Cirino alikuja nyuma yao, ameshika mshumaa, macho mekundu kwa kulia. Alikuwa ameviona vile viatu. Alimwambia Turi, tena kwa haraka mno, "Atavivua kwenye barabara kuu. Ndipo nadhiri inapoanzia." Turi alikohoa, akatazama pembeni.

Nunzio hakuvivua. Changarawe za uwanja wa kanisa zilimchoma nyayo, naye akazifurahia. Alijiambia, unaona, naumia, basi nadhiri inalipwa. Alichosahau ni kwamba wiki ile halmashauri ilimwaga lami mpya barabara kuu, na jua lile lilikuwa limeilainisha. Kila hatua lami inamshika unyayo, unyayo unabaki chini, ngozi ya kiatu inapanda juu.

Walipofika mbele ya klabu, Bwana Haddrick alisimama. Akavua kofia. Na wenzake wote barazani, wazee kwa mabibi, wakasimama na kuvua kofia zao, kimya. Nunzio akawaona. Akatambua, hapohapo na mpini begani, kwamba angepita mbele yao pekupeku na wangesimama vilevile. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Haikupasuka. Ilimshika tu. Aliuvuta mguu wa kulia kwa nguvu, kiatu kikapanda chote mpaka kwenye muundi, suruali ikakunjamana juu yake, na chini ukabaki unyayo mtupu, mweusi tii kwa lami. Akajikwaa. Ubao ukaenda upande, Damiano akainama kama anataka kushuka, kina mama wakapiga yowe. Wabebaji wengine watatu waliushikilia, wakaunyoosha. Bendi ikanyamaza.

"Nunzio," Turi akaita, "hicho ni kiatu au soksi?"

Watu wakaangua kicheko. Barazani mtu mmoja alicheka, kisha wawili, kisha wakajizuia, na kule kujizuia kwao kulimuuma Nunzio kuliko kicheko chenyewe.

Cirino hakucheka. Alipita katikati ya watu, akamtazama kaka yake mguu, kisha usoni.

"Toka hapo."

"Cirino, daktari alisema usibebe kitu kizito."

"Toka, nimesema."

Akamkabidhi mshumaa mtu wa karibu. Akavua viatu, akavua soksi, akaviacha pembeni mwa barabara. Miguu yake ilikuwa myeupe na laini, miguu ya mtu aliyelala kitandani miezi. Akaingiza bega chini ya mpini na kukanyaga ile lami ya moto. Alibeba mpaka langoni kwa kiwanda.

Jioni alikuwa amekaa uani kwa kaka yake, kwenye kiti cha mbao, nyayo zimetoka malengelenge, lami imegandia juu yake. Nunzio alikuja na bakuli la mafuta ya taa na kitambaa, aitoe ile lami. Akapiga magoti.

"Ungeniambia tu kwamba unaona haya," Cirino alisema taratibu. "Ningekwambia acha. Wala nisingekasirika. Lakini umeniacha natangaza mji mzima kwamba kaka yangu ananipenda hivi na hivi."

"Nakupenda, Cirino. Haki ya Mungu nakupenda."

"Najua. Unanipenda mahali ambapo hakuna mtu."

Nunzio alichovya kitambaa, akaugusa mguu wa mdogo wake. Cirino akaurudisha nyuma, chini ya kiti.

"Acha, kaka. Utanuka mafuta ya taa, na kesho Bwana Haddrick anakungoja mchezoni."

Agatina akakichukua kile kitambaa mkononi mwa mumewe, akapiga magoti yeye, na Cirino akamnyooshea mguu. Nunzio akainuka, akabaki amesimama uani, hajui mikono aiweke wapi.