Mkono Mmoja wa Kulia, Mmoja wa Kushoto

Pacha wangu husema anaogopa sindano kuliko nyoka. Kwa hiyo mjukuu wetu alipotuita maabara anakofanya kazi, wapime kwa damu tunavyozeeka, niliingia mimi mara mbili. Mara ya pili nilivaa kilemba chake na miwani yake, nikajikwaa mlangoni. Muuguzi hakutujua. Mkono wa kulia nikatoa damu yangu, wa kushoto nikatoa yake. Nilijiambia, tumbo lilikuwa moja, damu itakuwaje mbili?

Baada ya wiki tatu mjukuu akaja, akakaa jikoni, hata sufuria hakufunua.

"Mke mwenzangu, umenuna nini?" nikamtania.

"Bibi, kazi inanitoka."

Akaanza kueleza kisomi, nikamkatiza. "Mimi niliishia shule ya msingi. Nitegee kitendawili."

"Haya. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba mbili, ramani moja, swichi zile zile. Siku ya kuhamia, taa zinawaka sawasawa. Miaka sabini baadaye, kila nyumba inawaka kivyake."

"Mapacha," nikasema.

"Ndiyo. Jeni mlizaliwa nazo zile zile. Lakini kazi, chakula, huzuni, usingizi, vyote huchangia kuwasha hizi na kuzima zile. Ndiyo maana mmoja anaweza kuzeeka mbio, mwenzake polepole. Sasa nyinyi swichi zenu zimetoka sawa zote! Mkuu wangu anasema nimechanganya chupa. Nimerudia vipimo mara nne. Ijumaa kazi yangu anapewa mwingine."

Pacha wangu alikuwa dirishani anachagua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Mwambie," akasema.

"Mwambie wewe, mwoga mkubwa."

"Aniambie nini?"

Nikasema yote. Mjukuu hakucheka. "Bibi! Nimesugua vifaa mpaka vidole vimechubuka!" Nikakemewa na mtoto niliyembeba mgongoni, na haki alikuwa nayo.

"Basi kesho twende," nikasema. "Mwenzangu atafumba macho."

"Si sindano," pacha wangu akasema taratibu.

Tukamgeukia. Huyu alimuuguza mumewe miaka tisa, akilala kwenye kiti.

"Kioo ninacho. Tukitembea pamoja watu hudhani huyu ni binti yangu. Sasa niende nikaandikiwe kwa tarakimu kwamba nitatangulia?"

Wiki zote hizo nilimtania kwa sindano, kumbe aliogopa majibu!

Mjukuu akamshika bega. "Kipimo hakijui siku ya mtu, bibi. Kinaonyesha tu mwili umechoka kiasi gani. Na swichi nyingine hazigandi. Mtu akipata nafuu, zinaweza kubadilika tena. Tena si lazima uambiwe."

Akafikiri, akapepeta mchele mara mbili tatu.

"Basi usiniambie. Na huyu usimwambie yake, atanitambia."

Kesho yake tuliingia mmoja mmoja, vitambulisho mkononi, na yule mkuu wa maabara amesimama mlangoni kama askari. Mjukuu mwenyewe ndiye aliyechoma. Pacha wangu hakufumba macho.

Ijumaa simu ikalia. Karatasi zetu hazifanani hata kidogo, na kazi anayo. Nani yuko mbele, hakusema, nami sikuuliza.

Siku hizi asubuhi nawasha jiko mimi. Yeye namwacha alale mpaka jua limguse miguu, na akiamka akilalamika kwamba nimemchelewesha, namwambia saa yetu ya ukutani imeharibika.