Mita Mbili za Maji

Mimi Akello, fundi wa vipimo, sikujaliwa subira, na sioni haya kusema. Kwa hiyo Injinia Walubengo aliponisukumia ile fomu Alhamisi asubuhi, kalamu ikiwa juu yake, niliirudisha upande wake wa meza.

"Hii mimi siwezi saini," nikamwambia.

Fomu ilisema kipimo cha kimo cha ndege yetu kiko sawa. Ndege yenyewe ni ya umeme, ya mtu mmoja, na kazi yake ni kuruka chini kabisa juu ya Ziwa Victoria kutafuta wavuvi waliopinduliwa na dhoruba. Saa nne siku hiyo rubani wetu, Shantel, alitakiwa kupita juu ya maji kwa kimo cha mita nne mbele ya wakaguzi kutoka Nairobi. Mita nne ni kama paa la nyumba. Ukikosea hapo huna nafasi ya kujuta.

"Akello, umepima wewe mwenyewe wiki mbili," akasema. "Leo ndio unakataa?"

"Nimepima juu ya lami. Leo anaenda juu ya maji."

Ndege hiyo hupima kimo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mwanga wa leza unaopiga chini na kurudi. Lakini asubuhi ziwa likitulia, mwanga huteleza juu ya maji na kupotea. Hapo kompyuta hugeukia njia ya pili: inachukua kimo inachopewa na setilaiti, inatoa kimo cha ziwa kilichoandikwa kwenye ramani, na kinachobaki ndicho anachosoma rubani. Mimi nilikuwa nimeichungulia ramani hiyo kwa mara ya kwanza jioni ya Jumatano. Ilipimwa mwaka ambao ziwa lilikuwa limepungua, zamani sana kabla halijapanda na kumeza nyumba za watu.

Kosa lilikuwa letu sote, na langu lisifichwe. Wiki mbili nilikaa kimya kwa sababu nilidhani kila mtu anajua ziwa limepanda. Kisumu hata mtoto wa nasari anajua. Walubengo amekulia Kitale kwenye mahindi, na hakuna aliyemwambia. Kuuliza si ujinga, lakini naye hakuuliza.

"Hiyo ramani imekaguliwa," akasema. "Kama hutaki, Cliff atasaini."

Cliff ni msaidizi wake, na yule hata ukimpa karatasi ya kufungia maandazi atasaini. Nilichemka. Bahati nzuri Shantel alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ya urubani mkononi, na alikuwa amesikia yote.

"Cliff asaini, Akello asaini, lakini anayekaa ndani ni mimi," akasema. "Akello, unaweza kumwonyesha?"

"Nipe saa moja na mtumbwi."

Nilikitoa kile kisanduku cha kupimia kwenye ndege, nikafunika jicho la leza kwa kitambaa ili ibaki ile njia ya pili peke yake. Kwanza tulikiweka juu ya nguzo ya zege iliyo ufukweni, ambayo kimo chake kinajulikana. Kilisoma sawasawa, na Walubengo mwenyewe akahakikisha. Kisha Mzee Okello, mvuvi wa pale, akatupakia mtumbwini na kupiga makasia.

Tulipofika penye maji mengi nilikiweka kisanduku sakafuni, miguuni pa Walubengo. Kwa haki kingesoma sifuri. Kioo chake kikaandika mita mbili nukta moja.

"Injinia," nikamwambia, "suruali yako imelowa, lakini boksi inasema unapaa."

Mzee Okello alicheka hadi kasia likamponyoka. Walubengo hakucheka. Alizima kisanduku, akakiwasha tena, akasubiri. Mita mbili nukta moja. Niliona midomo yake ikifanya hesabu: rubani angesoma nne, chini yake zingekuwa mbili, na wavuvi husimama kwenye mitumbwi yao.

"Mzee, tupeleke pale mbele," nikasema.

Tulipita kati ya miti iliyokufa ikiwa imesimama. Mbele yetu kulikuwa na paa la mabati yenye kutu na kipande cha ukuta wa matofali juu ya maji. Kwenye kioo, ramani ilituonyesha tukiwa nchi kavu.

"Nyumba ya nani?" Walubengo akauliza.

"Ya mama yangu. Hapo chini yako ni jikoni."

Akasema pole, na aliisema kwa moyo. Nikamwambia pole nimeshapewa nyingi, mimi nilitaka namba ibadilishwe.

"Basi badilisha wewe," akasema. "Wewe ndio unajua."

Nikaiandika pale pale, magoti yakiwa yamelowa. Tulipokijaribu tena kisanduku kilisoma sifuri. Nilisaini ile fomu ufukweni, na sijawahi kuandika jina langu kwa herufi kubwa namna ile.

Saa nne Shantel alitokea upande wa Dunga, chini, kimya, akapita mbele yetu. Kamera za wakaguzi zikasema mita nne na sentimita chache. Watu wakapiga vigelegele. Mkaguzi mmoja, mama wa makamo, akauliza kimo kipya cha ziwa kimepimwa na nani.

"Na huyu," Walubengo akasema, akinishika bega mbele ya watu wote. "Mimi nilikuwa nimekosea."

Nilijivuna, na kwa nini nisijivune? Mama yangu, Rosa, alikuwa amekuja kutoka Nyamasaria, tunakopanga tangu tuhame. Alitaka nimweleze, nikamweleza kwa Dholuo, polepole: ramani ilikuwa haijui kuhusu maji, ilikuwa bado inaonyesha boma letu likiwa kavu.

Aliitazama ndege ikizunguka kurudi.

"Nyara, binti yangu," akasema, "kwa hiyo miaka hii yote ni sisi tu tulijua tumehama."

"Ni sisi tu, Mama."

"Na leo?"

"Leo imeandikwa."

Akajifunga leso yake upya kiunoni, akaenda kumsalimia yule mkaguzi, na nikamsikia akijitambulisha: mimi ndiye mwenye ile nyumba.