Hamsini Mpaka Ukutani

“Leteni mlango, leteni ukuta, leteni tumbo la mlinzi! Kifaa changu cha kupima umbali hakikosei hata unywele.”

Hivyo ndivyo Kidomo alivyolitangazia darasa la waanzao elektroniki, mkono kiunoni kama bwana harusi. Nyumbani alikuwa ameshamwambia mdogo wake, aliyekuwa akijiandikisha kuanza darasa hilohilo asubuhi ile: “Mimi leo napanda ngazi ya pili. Kukaa benchi moja na wewe? Labda nife kwanza.” Maana sheria ilikuwa hiyo: kifaa kikipima sawasawa, unapanda, kikikosea, unaanza upya na wageni.

Ila alipofungua boksi lake darasani, moyo ulimruka. Kihisi hakimo! Kile chenye macho mawili, jicho moja likirusha sauti isiyosikika na la pili kuidaka ikirudi, kilibaki mezani nyumbani. Haraka haraka akapachika vizibo viwili vya soda kwenye matundu ya boksi, kisha akaiamuru programu iandike 50 tu kwenye kioo cha boksi. Si mwalimu siku zote husimamisha kibao cha majaribio sentimita hamsini mbele ya kifaa?

Mwalimu akaja, akasimamisha kibao. Kioo: 50.

“Safi,” mwalimu akasema. “Sasa nakisogeza hadi thelathini.”

“Aa, mwalimu! Kimezoea hamsini.”

“Kimezoea? Ni mbuzi huyo?”

Darasa likaangua kicheko. Kibao kikaja mbele. Kidomo, akijifanya anakohoa, akalivuta boksi nyuma kidogo kidogo. 50. Kibao kikaja tena. Naye akarudi tena, boksi kalikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. 50. Mara mgongo ukagusa ukuta. Kushoto kabati, kulia dirisha lenye nondo, mbele meza na mwalimu. Hata jasho lilikosa pa kupita.

“Mbona unarudi nyuma, mwanangu?”

“Napisha sauti ipite, mwalimu.”

Mwalimu akaendelea kusogeza kibao, taratibu, mpaka kikagusa vizibo. Tk!

Kioo: 50.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii haikuwa na upana hata wa kupitisha kucha. Kidomo akaupapasa ukuta nyuma yake. “Mwalimu, hiki… hiki kinahesabu na unene wa ukuta.”

Wenzake wakatazamana. Mmoja alikuwa ameanza hata kutikisa kichwa kukubali, mlango ukagongwa.

Akaingia mdogo wake, anahema, fomu ya kujiandikisha kwapani. Mkononi kashika kitu kidogo chenye macho mawili, nyaya zikining'inia.

“Shikamoo, mwalimu. Samahani. Kaka, umesahau hiki nyumbani. Nimekimbia nacho, nikasema utapimaje bila macho?”

Kila shingo ikageuka: kwenye kihisi pale mlangoni, kisha kwenye kioo kifuani mwa Kidomo. Bado 50.

Mdogo mtu akatazama kioo, akatazama vizibo, akamtazama kaka yake alivyoganda ukutani. Akaenda taratibu benchi la wageni, akaketi, akasogea kidogo na kupangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja.

“Njoo, kaka. Tutatosha.”