Mkwe Hatazamwi

Nabifo alikuwa amepanda na kushuka Mlima Masaba, ambao Wazungu huuita Elgon, maisha yake yote, mkungu wa ndizi kichwani, na hakuna aliyempa hongera. Sasa, mwaka 1956, alitoka Mbale kwa treni hadi Jinja ili akapandishwe kilima chenye kimo cha kichuguu, mikono mitupu, eti kwa starehe. Serikali ilikuwa imetenga ufuko wa ziwa chini ya kilima hicho cha Wanyange na kusimika kibao cha hifadhi ya wanyama. Viboko waliokuwa wakila mihogo ya watu tangu zamani wakapanda cheo, wakawa mali ya Malkia.

Hakujia viboko. Alitaka kumjua mtu aliyemchukua Khainza, binti yake wa pekee, akamweka Walukuba, mtaa wa Jinja, mbali na ndugu. Taabu ni kwamba mtu huyo, Wanzala, ndiye askari wa hifadhi anayeongoza wageni, na kwa mila yao mkwe na mama mkwe hawatazamani, sembuse kugusana. Wazee wakisikia, ndoa huenda ikavunjika.

Basi msafara ukawa hivi: Wanzala mbele, shingo imekakamaa, Khainza katikati, Nabifo nyuma, kanga usoni, akifaidi mandhari ya vidole vyake vya miguu.

"Khainza, ambia mama kulia iko ndege mzuri sana," alisema Wanzala.

"Mama, kulia iko ndege."

"Ambia yeye asante," alisema Nabifo, akiutazama mchanga.

Walipofika ufukweni, matete yalivunjika nyuma ya Nabifo. Kiboko.

"Ambia mama akuje huku, pole pole," Wanzala alisema bila kugeuka. Khainza alifungua kinywa, sauti ikagoma. Wanzala akangoja kidogo, kama adabu inavyotaka, kisha akageuka, akakimbia, akamshika mama mkwe mkono na kumsukumia nyuma ya mwamba. Kanga ikaanguka. Nabifo akaona uso wa kijana mwenye machozi ya woga, lakini amesimama kati yake na kiboko. Kiboko mwenyewe akapita kwenda majini, hana habari nao.

Khainza akaanza kulia kwa aibu. Nabifo aliokota kanga, akaikung'uta, akajifunika.

"Ambia bwana yako tuendelee," alisema. "Ndege iko wapi?"

Moyo wake ulikuwa umetulia, mara ya kwanza tangu arusi ya binti yake.

Huko Mbale, wifi yake Namono alimhoji kwa uchu. "Na mkwe je, ulimwona?"

"Kisogo tu," alisema Nabifo, akijitwika mkungu wake. "Kisogo kizuri."